Kitambaa Kwenye Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Unyoya,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Najua mara ya mwisho nilikuandikia Baba alipofariki, na hata ile ilikuwa ya kueleza kwa nini sifiki. Leo nina habari njema, kaa chini.

Ukumbi wetu umepata wenyewe wapya, na wanaandaa jioni ya swingi na jazi ya enzi za babu zetu. Bendi kamili ya matarumbeta na saksafoni, wanaume na suruali pana zenye mikanda ya mabegani, wanawake na glavu, kila kitu kama zamani. Sakafu ni ile ile ya mbao tuliyoigongagonga visigino tukiwa vijana. Na nani ataifungua sakafu? Kaka yako! Wanataka Kombeo. Miaka yote hii nazunguka kwenye mahoteli ya watu nikifundisha dansi, na kokote ninakopita sijaona mtu aliyeweza kuuiga ule mrusho: mwanamke anaondoka begani kwangu, anapita juu ya kichwa, anatua nyuma yangu sauti ya tarumbeta ikiwa bado haijashuka. Nataka watu wauone tena, pale pale walipouona.

Sasa ombi. Lile gauni la buluu la marinda, najua unalo. Wewe hutupi hata kifungo kilichovunjika, seuze gauni. Litengeneze, lipate bitana mpya, na lifuate vipimo nilivyoandika nyuma ya karatasi hii. Kiuno, kifua, mabega. Litoshe hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze.

Jioni yenyewe ni Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Andika, usipige simu. Simu ya hotelini inapokelewa na kila mtu isipokuwa mimi.

Kaka yako


Jumamosi, 8 Machi

Kaka,

Barua yako imenikuta na pini mdomoni. Nimecheka karibu nizimeze, na mteja aliyekuwa anajaribu sketi akadhani namcheka yeye. Nimempoteza, lakini potelea mbali.

Umeuliza gauni. Lipo sandukuni, limefungwa kwenye shuka. Nimelitoa, nimelianika, rangi haijapauka. Ila hivyo vipimo vyako, nisikufiche, nilipovisoma nililia kidogo. Nilidhani umeshasahau hata sura yangu, kumbe unakumbuka kiuno changu! Lakini wewe nawe. Unadhani mtu anakaa kwenye cherehani tangu siku zile halafu kiuno kinabaki palepale kinamngojea kaka arudi? Nilijaribu gauni likakataa kupita mapajani. Nimecheka peke yangu mbele ya kioo kama mwehu. Haya, umesema nisiongeze wala nisipunguze gauni, basi nitajipunguza mimi. Chakula cha jioni nimeshakiaga.

Jambo moja tu, na naomba ulisome taratibu. Goti halikurudi kama lilivyokuwa. Cherehani nakanyaga kwa mguu mmoja, ngazi napanda nimeshika ukuta. Daktari alisema kuruka nisahau. Kwa hiyo Kombeo hapana, Kaka. Waambie wenye ukumbi wachague kingine, wewe hukosi la kuwaonyesha. Mimi nataka wimbo mmoja tu, wimbo wa taa, ule wa mwisho wa polepole wanapozipunguza taa. Huo naweza. Nimekuwa nikijizoeza hapa dukani kila nikishafunga mlango, kati ya cherehani na meza ya pasi. Nafasi ni ndogo lakini nimeshajua pa kugeukia.

Unakumbuka desturi ya pale? Mwanamke aliyeahidiwa wimbo wa taa huweka kitambaa chake kwenye kiti cha jirani, na hapo hakuna atakayemsogelea, kiti kina mtu. Mimi sijawahi kuweka kitambaa. Baba alikuwa anatungoja mlangoni na saa mkononi, tunaondoka kabla wimbo haujaanza. Nilikuwa nawaonea wivu wale wanawake, hata wale wabaya wa sura. Hasa wale. Sasa Baba hayupo mlangoni, na mimi nina vitambaa duka zima.

Viatu vyangu nimempelekea fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Ndiyo, yule yule. Baba amekufa hajamsamehe kwa kile kiatu, lakini yeye bado ananisalimia kila asubuhi. Na mimi kila asubuhi nainama kuokota uzi ambao haujaanguka.

Njoo salama. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Mdogo wako,
Unyoya


Ijumaa, 14 Machi

Unyoya,

Yako nimeipata. Usijinyime chakula, wala usijichoshe na mazoezi, hakuna haja hiyo. Wewe shughulikia gauni tu. Pindo lishushe kidogo, upana wa vidole vinne hivi.

Kabla sijafika atapita mtu kulijaribu, mpokee vizuri. Mengine nitakueleza nikija, kuna mambo hayaandikiki.

Wimbo wa taa ni wako. Hilo nimelisema na sirudi nyuma.

Kaka yako


Jumatano, 26 Machi

Kaka,

Mtu wako amekuja.

Alisimama mlangoni, mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Nilidhani ametumwa na wenye ukumbi kuja kuona gauni limefikia wapi. Nikamwekea kiti. Akasema, "Hapana, kaka yako ameniambia nilivae kabisa." Akavua blauzi, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono.

Likapita mapajani. Likamkaa kama limekatwa juu ya mwili wake. Nilisimama nyuma yake nimeshika zipu, na hapo ndipo nilipojua vipimo vile vilikuwa vya nani, na vidole vinne vya pindo vilikuwa vya miguu ya nani. Zipu yenyewe ilipanda bila hata kukwama. Nilitamani ikwame.

Nikampima pindo nikiwa nimepiga goti, lile zima. Yeye anaongea tu, maskini, hana hatia. Anafanya kazi kwenye duka la miwani, anapima watu macho, amekuwa akija kwenye madarasa yako, ukamwambia ana mwili wa Kombeo. Ananisifia duka langu. Halafu akasema, "Kaka yako aliniambia uliacha dansi ulipoolewa. Shemeji hajambo?"

Shemeji! Huyo mume wangu yuko wapi, Kaka? Nitajie nimjue, nimtandikie kitanda. Majirani watafurahi sana, wamekuwa wakinitafutia miaka mingi, kumbe wewe ulishaniozesha kimya kimya huko mahotelini.

Nilimwambia, "Geuka nione mgongo." Pini zilikuwa mdomoni, zikanisaidia.

Najua utasema hukunidanganya. Kweli, hukunidanganya. Ulisoma barua yangu, ukaona ninavyojinyima, ukaona ninavyocheza peke yangu na meza ya pasi, ukaniacha nijidanganye mwenyewe. Sentensi moja tu, Kaka. Ungeandika "gauni ni la mwenzangu," yangekwisha. Ningeumia siku mbili nikashona. Badala yake umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Gauni nitalimaliza. Mimi ni fundi, sigombani na kitambaa. Lakini nijibu hili: umemwambia nini kuhusu Kombeo?

Mdogo wako


Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Umekasirika, na una haki kidogo. Kidogo. Nilitaka kukueleza ana kwa ana kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kibaya kuliko kilivyo. Na nilipoisoma barua yako ilivyojaa furaha, ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Nilikuonea huruma.

Ile ya kuolewa nilisema zamani, siku moja watu waliponizingira kwa maswali. Yuko wapi dada yako, kwa nini hachezi? Ulitaka nisimame nianze kueleza magoti? Ndoa ni habari nzuri, watu wanatabasamu wanaendelea na vinywaji vyao. Haikumwumiza mtu.

Kuhusu Kombeo, nimemwambia kinachojulikana na kila mtu, kwamba sijawahi kumwangusha mwanamke. Wewe uliteleza kwa kiatu. Ni wewe uliyesema kiatu, mbele ya Baba, kwa mdomo wako, umelala palepale sakafuni. Sikukutuma. Nakushukuru, nimekushukuru siku zote moyoni, lakini huwezi kumpa mtu zawadi halafu ukawa unamfuata nayo kila mlango. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sasa nikuambie kilichopo, uone kama nacheza. Wenye ukumbi wanatafuta mtu wa kufungua shule ya dansi pale pale. Nikipendeza Jumamosi hiyo, ukumbi ni wangu. Nimechoka, Unyoya. Nimechoka kulala vyumba ambavyo mapazia yake si yangu, nimechoka kufundisha watu walio likizo ambao wiki ijayo hawanijui. Ningerudi nyumbani. Tungekuwa jirani, ungewashonea wanafunzi wangu. Wapiga picha watakuwepo, watu wa magazeti watakuwepo. Ni usiku mmoja tu naomba mambo yaende sawa.

Usiniharibie. Na wimbo wa taa bado ni wako, sikusahau. Weka kitambaa chako, nitakuja kukitoa mwenyewe.

Kaka yako


Alhamisi, 3 Aprili

Dada Fundi,

Hujambo na kazi? Ni mimi uliyenipima gauni la buluu. Nimelichukua jana kwa yule binti uliyemwachia duka, na nimelijaribu nyumbani. Sijawahi kuvaa nguo inayonijua hivi. Asante sana.

Naandika kwa jambo jingine, na kama nimevuka mipaka unisamehe. Kaka yako hajui kama nakuandikia.

Kazi yangu, kama nilivyokuambia, ni kupima watu macho, kwa hiyo macho ya watu nayaangalia hata pasipo kazi. Tumekuwa tukifanya mazoezi ya Kombeo juu ya godoro. Kaka yako akininyanyua macho yake yakiwa kwangu, naenda juu na kurudi chini kama mtoto anayebebwa, siogopi chochote. Lakini juzi mlango ulifunguka, wakaingia wenye ukumbi, waliokuja pale hotelini kutazama mazoezi. Nilikuwa tayari hewani. Nikaona macho yake yanaondoka. Mikono ikachelewa, nikaangukia godoro kwa bega. Sikuumia. Yeye akacheka, akawaambia wale watu kwamba mimi nilikaza mwili.

Dada, sikuwa nimekaza mwili.

Jumamosi ya wiki ijayo hakutakuwa na godoro. Nilimwuliza kama amewahi kumwangusha mtu, akasema hajawahi, ila wewe uliwahi kuteleza kwa sababu ya kiatu, kitu kidogo, na baadaye ukaolewa. Lakini nakumbuka ulivyopiga goti kunipima pindo, na ulivyonyanyuka kwa kushika mguu wa meza, ukauma mdomo. Na duka lako lina viatu vya mwanamke mmoja tu, hakuna koti la mwanamume hata msumarini.

Kama ni kiatu, niambie ni kiatu. Nitatulia na sitauliza tena.

Mwenzi wa dansi wa kaka yako


Jumapili, 6 Aprili

Kwako mpima macho,

Nimeandika jibu hili nikalichana, nikaandika tena nikalichana. Ukiwa unalisoma, jua kwamba nimeshindwa kulichana.

Sikuolewa. Na haikuwa kiatu.

Nilikuwa juu, kichwa chini, gauni hilo hilo limenifunika nusu ya uso, na nikamwona. Mpiga picha alikuwa amesogea mbele ya jukwaa, na kaka yangu alikuwa anamtazama yeye, anatabasamu. Alipendeza sana. Mikono yake ilifunga nilipokuwa nimeshapita. Ile picha ilitoka, watu wamenisimulia, wanasema ni nzuri: kijana kanyoosha mikono, meno yote nje. Mimi simo. Nilikuwa nimeshafika sakafuni.

Utauliza kwa nini kiatu. Baba yetu hakupenda tucheze, ila alikuwa ametuambia, chezeni, lakini siku mmoja wenu atakapomwangusha mwenzake, dansi imekwisha kwa wote wawili. Na Baba alikuwa mtu wa neno lake. Kaka alikuwa ameshaitwa kazi ya kwanza ya kufundisha, hajaondoka. Mimi nilipojaribu kuinuka goti likaenda upande ambao goti haliendi, nikajua kwangu imekwisha. Nikaona yake ibaki. Baba alipoinama akauliza nini kimetokea, macho ya kaka yangu yakaja kwangu. Safari hiyo alinitazama vizuri. Nikasema soli imeteleza.

Soli ilikuwa mpya, ilikuwa imewekwa wiki ile na fundi viatu wa mbele ya duka letu. Kesho yake Baba alivuka barabara akamtukana mbele ya wateja wake. Mzee wa watu akakipokea kile kiatu, akakigeuza, akakigeuza tena.

Sikuambii usicheze. Kaka yangu anajua dansi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na akikutazama hutaguswa hata na upepo. Nakuambia hili tu. Katika Kombeo yeye hakuinui kutoka sakafuni, anakupokea ukiwa umesharuka ndipo anakurusha. Anayeruka ni wewe, na hawezi kumrusha mtu ambaye miguu yake bado iko chini. Kwa hiyo kabla hujaruka, mwangalie usoni. Kama hakutazami, miguu isiondoke. Tarumbeta lilie, watu wacheke, wacha wacheke. Kicheko hakivunji goti.

Chini ya kwapa nimeshona mara mbili kwa uzi mnene wa kushonea mikoba, mshono hautafumuka. Viatu vyako mpelekee fundi huyo huyo wa ng'ambo, mwambie ni vya dansi, atajua. Hakuna soli zinazoshinda zake.

Nami nitakuja. Kuna wimbo mmoja nimeahidiwa, na nisingependa tuuzungumzie huu mkasa siku hiyo. Nataka tu kukaa kama wenzangu.

Fundi cherehani


Jumatatu, 14 Aprili

Umefurahi sasa?

Bendi ilikuwa inapiga kama imetumwa na mbingu. Ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi, kofia, glavu, wazee wanatikisa vichwa, tumeshazunguka sakafu yote na watu wamesimama kwenye viti. Tarumbeta likapanda, pale pale linapopanda. Nikanyoosha mikono. Na mwenzangu akasimama mbele yangu kama mtu aliye kwenye foleni ya posta! Hakuruka. Nikakumbatia hewa. Watu wakadhani ni mzaha, wakacheka, wakapiga makofi, na mpiga picha akapiga. Leo niko gazetini, nimekumbatia hewa.

Halafu akaniambia, kwa sauti yake ile ya upole, "Hukuwa unaniangalia." Hayo si maneno yake. Yule binti hana maneno ya namna hiyo. Hayo ni yako, nimeyajua mara moja, na alipobanwa hakukataa.

Ndiyo, nilitazama pembeni! Kidogo tu! Mcheza dansi gani asiyewatazama watu waliokuja kumwona? Ningempokea. Naapa ningempokea.

Nilitokea mlango wa nyuma bendi ikiwa bado inapiga. Sikuweza kubaki mle ndani nikipigwapigwa mgongoni na watu wanaoniambia nimewachekesha. Wenye ukumbi wanasema habari ya shule "watafikiria," na wewe unajua maana yake. Kunusuru kilichobaki nimewaeleza kwamba soli ya kiatu chake iliganda sakafuni, fundi aliharibu, ndiyo maana akashindwa kuruka. Wameafiki. Wataulizia, na watakuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyemwelekeza kwa fundi huyo. Sema hivyo hivyo. Umeshazoea, haikugharimu kitu.

Na baada ya yote hayo, ulivyonililia wimbo wa taa, hata kuja hukuja. Nilitazama ukumbi mzima, sikukuona.

Kaka yako, kama bado unanihesabu


Jumamosi, 19 Aprili

Kaka,

Barua yako niliisomea dukani, nimesimama. Nikaikunja, nikafunga cherehani, nikavuka barabara.

Fundi viatu alikuwa anachonga kisigino. Nilimwambia yote, kuanzia siku ile. Nilimwambia soli yake haikuteleza na hii ya juzi haikuganda. Hakukasirika. Aliweka kisu chini akaniuliza kitu kimoja tu. "Baba yako alijua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi alikufa ananichukia bure." Halafu akachukua kisu akaendelea na kisigino, na mimi nikasimama pale sijui pa kuweka mikono. Sijawahi kutamani kutukanwa kama siku ile.

Wenye ukumbi walikuja jana. Niliwaambia kiatu kilikuwa kizima. Walitaka kujua zaidi, nikawaambia wakuulize wewe. Sikukutaja kwa lolote jingine, lakini kiatu kilikuwa kizima, na nitamwambia hivyo kila atakayeuliza mpaka siku nitakapokufa. Njia ya mwongo ni fupi, Kaka. Yetu ilirefushwa na mimi, kwa kukupenda, na huo urefu nimemaliza kuutembea.

Unasema haikunigharimu kitu. Hapo sikujibu, kwa sababu ungekuwa unaweza kulielewa jibu usingeandika hivyo.

Unasema sikuja. Nilikuwepo. Nilikaa karibu na nguzo, upande wa bendi. Nilivaa gauni la kijivu nililojishonea kwa mabaki ya vitambaa, na ucheke kama unataka, kiuno kilikuwa kimepungua kweli, lile la buluu lingenienea. Ulipoingia watu walisimama, nikasimama nao. Mlipozunguka upande wangu ulikuwa karibu kiasi kwamba upepo wa gauni ulinigusa mikono. Ulitazama, ni kweli. Macho yako yalinipita yakienda kwa mpiga picha aliyekuwa nyuma ya bega langu. Ndipo tarumbeta likapanda, nikaona miguu ya mwenzako inabaki chini, nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika tangu ujana wetu.

Sikucheka na wenzangu. Nilijua umeumia, na nilijua utanikasirikia. Lakini sikufikiri utaondoka. Nilijiambia kaenda nje kupunga upepo, uso ukipoa atarudi, kwa sababu kaahidi, na kaandika kwamba harudi nyuma. Nikatoa kitambaa changu, cheupe, nilichokitia pindo kwa mkono, nikakiweka kwenye kiti cha jirani. Wanaume wawili watatu walisogea wakakiona wakapita, kwa adabu kabisa. Nilijisikia mtu mkubwa.

Wakapunguza taa.

Wimbo ukaanza, nami nikawa natazama mlango. Mwenzako alikuja. Alikuwa bado kwenye lile gauni, macho mekundu, akaninyooshea mkono, yeye ndiye anayeniomba. Naye hajui desturi ya pale. Alisema, "Dada Fundi, twende, taratibu tu, nitakushika." Na angenishika, Kaka. Yule ni mtu wa kushika. Nikamwambia asante, kiti kina mtu.

Akatazama kitambaa, akatazama mlango, akarudi zake.

Wale wote walicheza, hata wazee wenye fimbo walicheza, fimbo zimelazwa chini ya viti. Mimi na wewe siku zote tuliondoka kabla haujaanza, kwa hiyo nilikuwa sijui. Wimbo wa taa ni mrefu sana.

Fundi cherehani